Soko la sarafu za kidijitali: kagua mlango wa kutokea kabla hujaingia



Wiki mbili zilizopita, baada ya swala ya isha, shangazi yangu aliniita nyumbani kwake hapa Mombasa. Nilimkuta ameketi mkekani, simu ya mjukuu wake mkononi, miwani imemshuka puani. Tulipokwisha kuamkiana akanisogezea simu: "Baba, hebu nitazamie. Huyu mwanao asema pesa zangu za Umra nizitie humu kuliko kulala benki. Mwenzake naye asema humu si kuzuri, kuna kwengine. Kupi ndiko kuzuri?"

Pesa zenyewe ni shilingi 185,000. Amezikusanya kwa miaka sita akiuza mahamri alfajiri na viazi karai jioni. Mjukuu si mtoto mbaya, alitaka kumsaidia nyanyake. Lakini sikumjibu usiku ule, kwa sababu aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Mwaka 2022 mimi mwenyewe nilitia shilingi 46,000 katika programu moja ya simu niliyoelekezwa na rafiki. Kuweka kulikuwa kwa dakika mbili tu, kwa M-Pesa. Kila asubuhi nikifungua naona hesabu imepanda. Nilipotaka kutoa shilingi 20,000 za karo ya watoto, nikaambiwa nilipe kwanza "kodi" ya shilingi 6,000. Nikalipa. Wakataka ada nyengine. Wiki ya tatu programu ikawa haifunguki tena. Mke wangu alikuja kujua miezi minne baadaye, na hadi leo nakumbuka alivyonyamaza.

Kosa langu lilikuwa moja. Nilijua vizuri pesa inaingiaje, sikuuliza inatokaje. Makala haya ni jibu nililompa shangazi, nimelipanua kwa faida ya kila anayeulizwa swali hili na kijana wake. Sitawaambia jukwaa gani ndilo bora. Nitawaeleza namna ya kupima.

Soko hili ni kitu gani hasa

Bitcoin, sarafu ya kwanza ya aina hii kuenea, ilianza kazi mwaka 2009. Haina benki kuu wala serikali nyuma yake. Hesabu zake huandikwa katika daftari la wazi la mtandaoni, na kanuni zake hazikubali zitolewe zaidi ya sarafu milioni 21. Baada yake zikaja nyengine kwa maelfu. Ili mtu wa Kisauni au Lamu azipate kwa shilingi zake, sharti apatikane wa kumuuzia. Hapo ndipo majukwaa haya yanapoingia, nayo kwa ujumla ni ya aina tatu.

Aina ya kwanza ni masoko makubwa yenye kampuni nyuma yake, kama Kraken iliyoanzishwa 2011, Coinbase ya 2012 na Binance ya 2017. Unafungua akaunti kwa kitambulisho, unanunua, na ulichonunua kinabaki mikononi mwao mpaka ukitoe.

Aina ya pili ni biashara ya mtu kwa mtu. Muuzaji na mnunuzi hukutana jukwaani, wewe unamtumia M-Pesa, na jukwaa linazishikilia sarafu zake mpaka athibitishe kuwa amelipwa. LocalBitcoins ya Finland iliwahi kutumika sana hapa Kenya kwa njia hii kabla haijafungwa mwaka 2023. Leo baadhi ya masoko makubwa yana sehemu kama hiyo ndani yake.

Aina ya tatu ni masoko yasiyoshika mali yako, kama Uniswap iliyoanza 2018. Hapo unabadilisha sarafu kwa sarafu ukiwa na pochi yako mwenyewe. Hazipokei shilingi, kwa hivyo anayeanza hulazimika kupitia aina ya kwanza au ya pili.

Sasa fikiria duka la kubadilisha fedha hapa mjini. Ndugu yako amekuletea riyali kutoka Saudia. Unaingia, unatoa riyali, unapewa shilingi, unahesabu, unaondoka. Hakuna anayemwachia mwenye duka pesa za Umra kwa mwaka mzima. Lakini ndivyo tunavyofanya katika programu hizi. Ukinunua ukaziacha humo, unachokiona kwenye skrini ni tarakimu katika daftari la kampuni, yaani ahadi kwamba wana kitu chako. Kama kitu hicho kipo kweli, utajua siku utakayokiomba.

Waliotutangulia walipata nini

Mt. Gox ya Tokyo ilikuwa wakati mmoja soko kubwa kuliko yote ya bitcoin. Februari 2014 ilifungwa, ikasema takriban bitcoin 850,000 zimepotea. Baadaye zilipatikana kama 200,000. Wateja walisubiri hadi mwaka 2024, miaka 10, ndipo wakaanza kurudishiwa sehemu ya mali yao.

Huko Canada, soko la QuadrigaCX lilianguka mwaka 2019 baada ya mwanzilishi wake, Gerald Cotten, kufariki akiwa India. Wateja waliambiwa kuwa yeye peke yake ndiye aliyekuwa na siri za kufungulia pochi. Mamlaka ya Ontario ilipochunguza ikatoa ripoti mwaka 2020 kwamba fedha nyingi zilikuwa zimeshaliwa na yeye mwenyewe kwa udanganyifu, kabla hajafa.

Kisha FTX ya Bahamas. Hii ilikuwa na matangazo makubwa hata jina lake likawekwa kwenye ukumbi wa mpira wa kikapu wa Miami. Novemba 2022 wateja walikimbilia kutoa pesa zao, pesa zikakosekana. Takriban dola bilioni 8 za wateja zilikuwa zimetumiwa kwa mambo mengine. Mwanzilishi wake, Sam Bankman-Fried, alihukumiwa kifungo cha miaka 25 mnamo Machi 2024.

Sasa linganisha na lililotokea Februari 2025. Wezi waliiba sarafu zenye thamani ya takriban dola bilioni 1.5 kutoka soko la Bybit, na FBI ya Marekani ikasema ni kazi ya Korea Kaskazini. Wateja walikimbilia kutoa kama kule FTX, lakini Bybit iliendelea kuwalipa. FTX haikuangushwa na mwizi wa nje, ila ilikuwa tupu ndani. Bybit iliibiwa, lakini ilikuwa na cha kulipa. Kwa hivyo ukubwa wa jina na wingi wa matangazo havikwambii kitu. Swali ni kama unaweza kutoa chako siku kila mtu anataka kutoa chake.

Maswali ya kuuliza kabla hujatia hata shilingi moja

1. Nani anawasimamia?

Kwa miaka mingi Kenya ilikuwa na onyo tu. Desemba 2015 Benki Kuu ilitangaza kuwa sarafu hizi si fedha halali na anayezitumia hana ulinzi. Hali imebadilika. Sheria ya Watoa Huduma za Mali za Kidijitali ya mwaka 2025 ilitiwa saini na Rais Oktoba 2025 na ikaanza kutumika tarehe 4 Novemba mwaka huo. Kazi ya kutoa leseni imegawanywa baina ya Benki Kuu na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, CMA. Mara tu baada ya sheria kuanza, mamlaka hizo zilitoa taarifa ya pamoja kuwa hazijampa yeyote leseni chini ya sheria hiyo. Kwa hivyo akija mtu na bango la "tumesajiliwa Kenya", usisome bango. Ingia tovuti ya CMA au ya Benki Kuu ulitafute jina hilo mwenyewe. Cheti cha kusajili kampuni si leseni ya kushika pesa za watu. Hata kibanda cha mahamri chaweza kusajiliwa kampuni.

Na leseni peke yake haitoshi. Binance, kubwa kama ilivyo, ilikiri makosa mbele ya mahakama ya Marekani Novemba 2023 na kukubali kulipa zaidi ya dola bilioni 4, kwa kuvunja sheria za kuzuia pesa haramu na vikwazo. Haikufungwa, na wateja walizidi kutoa pesa zao. Nakutajia ili ujue kuwa hakuna jina la kuaminiwa macho yamefumbwa.

2. Pesa inatokaje?

Hili ndilo swali la kwanza kwangu. Kabla ya kutia kiasi unachokijali, tia kidogo, kama shilingi 1,000. Nunua, kisha uza, kisha rudisha kwenye M-Pesa yako siku hiyo hiyo. Hesabu imechukua muda gani na imerudi ngapi. Ikikwama, umepoteza elfu moja na umepata elimu.

Lakini tahadhari: matapeli wa siku hizi wanalijua jaribio hili. Watakuachia utoe shilingi 500 leo na 2,000 kesho ili kesho kutwa ulete 50,000. Kwa hivyo jaribio likifaulu, bado endelea na maswali mengine. Na shika kanuni hii, ingeniokolea mimi shilingi 6,000: soko la kweli hukata ada yake katika salio lako. Ukiambiwa utume pesa mpya ili upewe zako za zamani, simama hapo hapo. Hizo zimeshakwenda, usizifuatishe nyengine.

3. Gharama yake halisi ni ipi?

Wengi hutazama ada tu. Wengine huandika "bila ada" na gharama wakaificha katika tofauti ya bei ya kununua na ya kuuza. Chukua mfano. Jukwaa la kwanza halitozi ada, lakini linakuuzia dola moja ya kidijitali kwa shilingi 133 na kuinunua kwako kwa 126. Ukinunua za shilingi 10,000 na kuziuza papo hapo, utapata kama shilingi 9,474. Umeacha 526. Jukwaa la pili linatoza ada ya asilimia 0.5 kila upande, na bei yake ni moja, ya kununua na ya kuuza. Utabaki na kama shilingi 9,900. Lenye ada ndilo rahisi.

Ongeza na ushuru. Tangu Septemba 2023 kulikuwa na kodi ya asilimia 3 ya thamani yote ya sarafu uliyouza au kubadilisha. Sheria ya Fedha ya 2025 iliifuta, ikaweka ushuru wa asilimia 10 juu ya ada ya mtoa huduma. Katika mfano wetu, ada ikiwa shilingi 50, ushuru ni shilingi 5. Hapo bado hujahesabu gharama za M-Pesa na ada ya kutoa sarafu kwenda pochi nyengine. Waswahili wamesema: biashara asubuhi, jioni mahesabu.

4. Mali ya wateja iko wapi?

Baada ya FTX kuanguka, masoko kadhaa makubwa yalianza kuchapisha ushahidi wa akiba, yaani orodha ya sarafu walizonazo ambayo mtu anaweza kuikagua katika daftari la wazi. Ni jambo jema, lisome. Lakini ujue mipaka yake: huonyesha walichonacho siku ile, aghalabu bila kuonyesha madeni yao yote. Mtu aweza kukuonyesha kabati limejaa nguo, asikwambie kuwa nyengine ni za kuazima.

5. Wanakuahidi faida?

Hapa ndugu zangu Waislamu tukae kitako. Majukwaa mengi yana sehemu inayosema: ziache sarafu zako hapa, kila mwezi tutakuongezea asilimia kadhaa. Aghalabu sarafu hizo hukopeshwa wengine na wewe unapewa ziada, na hiyo ina harufu ya riba hata ikivishwa jina gani. Kuna pia vitufe vya kukopa ili ununue mara 10 ya ulichonacho. Huo ni mkopo na kamari kwa pamoja, na bei ikiyumba kidogo tu wanakufuta.

Kuhusu sarafu zenyewe, wanazuoni hawajakubaliana. Mufti wa Misri alizikataza mwaka 2018, na Baraza la Maulamaa la Indonesia likakataza mwaka 2021 zitumike kama fedha. Baraza la sharia la mamlaka ya masoko ya mitaji ya Malaysia liliruhusu mwaka 2020, kwa masharti, biashara ya mali hizi katika masoko yaliyosajiliwa. Mimi si sheikh, muulize wako. Ila katika hii ya "ziache tukuongezee", dini na akili ya biashara zimekutana. Celsius ya Marekani iliahidi faida za namna hiyo, Juni 2022 ikazuia watu kutoa pesa, na mwezi uliofuata ikaomba kufilisiwa.

6. Mlango wako unafungwa vipi?

Soko likiwa imara, bado wezi wataijaribu simu yako. Wizi wa laini tunaujua sana: mtu anahamisha nambari yako kwenye laini yake, kisha nambari za uthibitisho za ujumbe mfupi zinamfikia yeye. Chagua jukwaa linalokubali programu maalumu ya kutoa nambari hizo ndani ya simu yako. Pakua programu ya soko kutoka tovuti yao rasmi, kamwe si kwa kiungo kilichotumwa kundi la WhatsApp. Na hakuna mfanyakazi wa kweli atakayekuomba nenosiri.

Ukimuuzia mtu, usitazame ujumbe wa M-Pesa tu, maana hughushiwa. Kagua salio lenyewe. Jina la aliyelipa liwe ndilo la mwenye akaunti jukwaani. Akikwambia "mke wangu ndiye atatuma", katalia mbali, kwani huenda ni pesa za wizi na akaunti yako ndiyo itakayofungiwa. Maongezi yote yabaki ndani ya jukwaa ili mkizozana kuwe na ushahidi.

Ukitaka kuweka muda mrefu, zihamishie kwenye pochi yako mwenyewe. Utapewa maneno 12 au 24 ya siri, yaandike kwa kalamu, usiyapige picha. Kwanza tuma kidogo, na hakikisha mtandao unaotumia ni ule ule wa pochi inayopokea. USDT kwa mfano hupita mitandao tofauti, na ukikosea huenda usiipate tena.

Jambo ambalo vijana hawaliulizi

Nilimuuliza yule kijana: akaunti hii ni kwa jina la nani? Akasema, yangu, kwa sababu nyanya hajui simu hizi. Nikamuuliza tena: Mungu akimchukua nyanya kabla ya Umra, au akakutangulia wewe, nani mwengine anajua kuwa humu mna pesa, ni za nani na zinafunguliwaje? Akanyamaza.

Mali bila daftari huisha bila habari. Kadhi hawezi kugawa mirathi asiyoijua. Ukiwa na sarafu hizi, andika wasia, taja kiasi, taja jukwaa, na umwambie mtu mmoja mwaminifu karatasi ya maneno ya siri ipo wapi. Usitumie akaunti ya mtu mwengine kwa pesa yako, wala yako kwa pesa ya chama. Soko linamjua yule tu ambaye kitambulisho chake kimo.

Shangazi aliamua nini

Nilirudi kwake siku ya pili na daftari, nikamsomea haya yote polepole. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: "Kwani pesa hizi zaweza kupungua?" Nikamwambia naam, hata soko likiwa la kweli. Bitcoin ilikaribia dola 69,000 Novemba 2021, mwaka mmoja baadaye ilikuwa chini ya dola 17,000. Pesa yenye safari yake na tarehe yake haikai mahali kama hapo.

Pesa za Umra zimebaki benki. Kijana ametia shilingi 3,000 zake mwenyewe, za kibarua chake. Nilikaa naye tukazitia na tukazitoa siku hiyo hiyo. Zilirudi 2,931, na akaandika kila senti iliyokatwa.

Nilipokuwa navaa viatu mlangoni, shangazi aliniita tena. "Na zile zako elfu arobaini na sita, utazipata?"

"Hapana, shangazi. Zimekwenda."

"Basi waandikie wenzako," akasema, "zisende bure."